Chokaa ya Kupumulia

Mwaka sabini na nne, mwezi wa nane, nilipanda juu ya debe tupu la mafuta ya taa pale Msimbati, mbele ya watu wapatao mia mbili, nikamwita Bi Mwanahawa binti Omari kupe. Nilisema mama yule ana tanuri la chokaa ufukweni, ana watu wawili anaowatumikisha juani mchana kutwa, na jasho lao linageuka khanga mabegani mwake. Watu walipiga makofi. Wiki iliyofuata mgambo walikuja na nyundo wakalibomoa tanuri, na mwenyewe akapakiwa kwenye lori pamoja na vyungu vyake na kuku wanne, akapelekwa kijiji kipya huko bara, mahali pasipo jiwe la bahari wala mti wa mkoko.

Tarehe za makosa ya watu wengine ninazo nyingi kichwani, na nimeshazitaja mikutanoni mpaka wenyeviti wananikwepa njiani. Hii ya kwangu nilikaa nayo miaka saba bila kuitaja popote. Ninaitaja leo kwa sababu mke wangu Helena yu hai. Amekaa hapo mlangoni anachambua mchele, na kila anapoupuliza kutoa makapi, namsikia anavyopumua.

Sasa nianze.

Mwaka themanini na moja nilikuwa mwendesha jenereta wa hospitali moja ndogo nje ya Likombe, ambayo siku hizi haipo tena. Bandarini nilishafukuzwa, kwa kumwambia msimamizi mmoja mbele ya makuli wenzangu kwamba sisi si magunia. Hospitali walinichukua kwa sababu nilikuwa nimejifundisha injini mwenyewe, kwa vitabu vilivyochanika na kamusi isiyo na jalada. Mwezi wa tatu mwaka ule Helena alianza kuvimba tumbo. Tulidhani mimba. Daktari Mathayo akambonyezabonyeza, akaniita pembeni, akasema ni uvimbe, mkubwa kama papai, na umeanza kujisokota kwenye shina lake.

“Lazima utoke, Lukasi. Na si mwezi ujao. Alhamisi ya wiki kesho ndiyo mwisho wangu wa kusubiri.”

Kumpeleka kwingine haikuwezekana. Mvua zilikuwa zimeikata barabara ya kaskazini, lori zimelala kwenye tope wiki ya tatu, na ndege haikuja kwa kukosa mafuta. Nikauliza, kama lazima utoke, kinachozuia kuutoa kesho ni nini. Daktari akamtazama Sista Raheli.

Sista Raheli alikuwa muuguzi wa usingizi, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwembamba, hana maneno mengi. Ndiye aliyekuwa akiwalaza watu kabla ya kupasuliwa na kuwaamsha baadaye. Alinichukua mpaka kwenye mashine yake, akanionyesha bati la duara lenye kioo ubavuni, na ndani yake chembe ngumu kama mahindi yaliyovunjwa.

“Mgonjwa anapumua humu, Baba Yustina,” akasema. Yustina ni binti yetu wa kwanza. “Pumzi yake inazunguka. Ikipita kwenye bati, chembe hizi zinaikamata hewa ukaa, ile chafu, na oksijeni na dawa ya usingizi vinarudi kwake avute tena. Kwa mtindo huo mtungi mmoja wa oksijeni unanitosha saa nne.”

“Na mtungi unao.”

“Ninao mmoja. Dawa ya usingizi chupa mbili. Chembe ndizo zimekufa. Zilishajaa, hazikamati tena. Tumeandika barua tatu, majibu ni kwamba fedha za kigeni hakuna.”

“Ukiendesha bila hizo chembe?”

“Nikiitupa pumzi nje, mtungi utaisha daktari hata hajaufikia uvimbe. Nikiizungusha bila kuikamata hewa chafu, Mama Yustina atavuta uchafu wake mwenyewe mpaka moyo usimame.”

Basi mambo yote yakaishia kwenye bati moja. Kulikuwa na daktari, kisu, oksijeni na dawa. Mke wangu angekufa kwa kukosa punje zisizojaza hata vibaba viwili.

Nikaomba kopo tupu zilimotoka chembe za mwanzo. Nilikaa nalo kwenye kibanda cha jenereta na kamusi yangu, nikaisoma karatasi ya Kiingereza iliyobandikwa ubavuni mwake neno kwa neno. Sehemu kubwa ya vilivyomo ilikuwa chokaa. Kisha kostiki kidogo, ile ile ya kupikia sabuni, na maji. Nikarudia mara tatu nikidhani nimekosea. Chokaa. Tunaandika barua tatu kuomba chokaa, sisi tuliojengewa misikiti na makanisa na ngome za Wareno kwa chokaa ya pwani hii.

Na mwezi ule mji mzima ulikuwa mweupe. Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja, hivyo kila jiwe kando ya barabara kutoka uwanja wa ndege mpaka Chikongola lilikuwa limepakwa chokaa, na minazi ya Magomeni imevalishwa soksi nyeupe hadi magotini. Nilikwenda ofisi ya mji kuomba nusu debe. Karani akaniambia chokaa ile ni ya mgeni.

“Mke wangu anataka kupumua,” nikasema.

“Andika barua, ndugu.”

Sikuandika. Nilikwenda kwa wapakaji wenyewe, watu niliokuwa nikibeba nao magunia ya korosho zamani. Walikuwa na pipa lao chini ya mti. Niliwaeleza. Waligeuka wote wanne wakaanza kulitazama jiwe moja kwa makini sana, kama halijapakwa vizuri, mpaka nikamaliza kujaza debe langu. Nawashukuru wale wanne. Majina yao siyataji kwa sababu wawili bado wako kazini.

Kostiki nilipewa na Sharifa wa Likombe. Miaka ile sabuni ya dukani ilikuwa hadithi, na wanawake walipika yao kwa mafuta ya nazi. Sharifa alinipimia kwenye kopo la maziwa, akanifungia kwa nailoni.

“Usiishike kwa mkono, itakula ngozi,” akasema. “Na usiniulize bei, nitakukasirikia.”

Nikachanganya. Nilifinyanga vidonge vidogo, mamia kwa mamia, nikavitandaza juu ya mkeka uani. Jirani yetu alikuwa amekwisha kuanika makopa ya mihogo, nami nikaweka mkeka wangu kando ya wake. Mvua ikija tunakimbia kuingiza, jua likitoka tunatoa. Siku tatu. Vikakauka, vikawa vigumu, vyeupe, nikajiona fundi. Sisi huku kila kitu cha kuweka tunakianika, muhogo, dagaa, korosho, kokwa za embe. Haikunijia kwamba kuna kitu kinaweza kufa kwa kuanikwa.

Ijumaa nikampelekea Sista Raheli. Alivitia kwenye kipande cha mpira wa maji, akaziba kwa pamba huku na huku. Upande mmoja akaweka mdomo wake, upande mwingine akautumbukiza kwenye chupa ya maji ya chokaa ya maabara, maji maangavu kama ya kunywa.

“Nikipuliza pumzi tupu humu, maji yanageuka maziwa, kwa sababu ya hewa ukaa,” akasema. “Nikipuliza kupitia vidonge vyako na maji yakabaki maangavu, basi vidonge vimeikamata.”

Akapuliza. Maji yakawa maziwa kabla hajamaliza pumzi ya pili. Akaanza kukohoa, maana vidonge vilikuwa vimeanza kusagika na vumbi lake limemwingia kooni.

“Havikamati kitu, Baba Yustina. Na hata vingekamata, vumbi hili la kostiki lingemchoma mapafu.” Alisema taratibu, akiwa ameshika kifua. “Umejaribu. Wengine hata hawajaribu.”

Nilikwenda wodini. Helena alikuwa amelala ubavu, mkono juu ya tumbo. Nilimweleza, na nilipomaliza nikaanza kuwalaani watu mmoja mmoja, kuanzia karani kwenda juu. Akaniacha nifike kama kwa mkuu wa tatu hivi.

“Lukasi.”

“Naam.”

“Anayejua chokaa unamjua.”

Nikainama nikamnyooshea shuka.

“Karudi Msimbati tangu mwaka sabini na nane. Nimesikia kwa wauza samaki. Anachoma tena.”

“Hawezi kunisaidia mimi, Helena.”

“Sijasema akusaidie wewe. Mimi ndiye ninayeumwa.” Akafumba macho. “Au nife kwa aibu yako?”

Jumamosi alfajiri nilipanda baiskeli. Ile njia ya Msimbati ni mchanga mtupu, sehemu nyingine unaisukuma baiskeli kama mgonjwa. Nilifika saa tano, nimelowa, na hotuba yangu nimeipanga kichwani. Tanuri jipya lilikuwa nyuma ya mikoko, dogo kuliko lile la zamani. Bi Mwanahawa alikuwa ameketi kivulini mwa banda la makuti, anasugua visigino kwa jiwe. Mwanamume mmoja mrefu, mkavu kama ufito, alikuwa akipanga mawe ya matumbawe.

“Hodi hapa.”

“Karibu. Nani?”

“Lukasi, mama. Wa hospitali.”

“Wa hospitali simjui.” Hakuinua kichwa. “Namjua Lukasi wa debe.”

Yule mwanamume akacheka mpaka akaweka jiwe chini. “Dada, tumtafutie debe apande? Asije akashindwa kusema.”

“Kaka yangu huyu Saidi,” mama akaniambia, “ndiye yule mnyonge wako wa kwanza. Wa pili alikuwa mkewe. Hao ndio watu wawili niliokuwa nikiwanyonya. Tumbo moja na huyu, mdogo wangu wa kunifuata. Mtazame nilivyomnyonya, kabaki mifupa.”

“Na bado ananyonya,” Saidi akasema. “Chai ya asubuhi sijapewa.”

Hotuba yangu ikapotea yote. Miaka saba nilikuwa na hakika ya jambo moja tu juu ya wale watu wawili, kwamba walikuwa vibarua. Sikuwahi kuwauliza. Nilichuchumaa pale mchangani nikasema lililokuwapo: kwamba Helena ana uvimbe, kwamba kuna bati, kwamba ndani ya bati inatakiwa chokaa ya kukamata pumzi chafu, kwamba niliyotengeneza haikukamata.

Bi Mwanahawa aliacha kusugua kisigino.

“Uliitoa wapi?”

“Kwenye pipa la kupakia mawe.”

“Hiyo imekaa wazi tangu Idi. Haya. Ukaifanyaje?”

“Nikaichanganya na kostiki, nikafinyanga, nikaianika.”

“Ukai…?”

“Nikaianika. Siku tatu. Juani.”

Akapiga goti. “Saidi. Njoo umsikie msomi. Kaanika chokaa kama makopa.”

Walicheka wote wawili, kwa muda mrefu, nami nikasubiri. Kisha akaniita karibu na ukuta wa banda, uliokuwa umepigwa chokaa, akanishika kidole akakikwaruza pale.

“Inatoka?”

“Haitoki.”

“Siku niliyopaka ungeitoa kwa ukucha. Sasa jiwe. Unajua kwa nini limekuwa jiwe? Tumbawe nikilichoma, kuna hewa inatoka ndani yake, ndiyo maana linakuwa jepesi na linashika maji kwa hasira. Halafu nikiiacha wazi, chokaa inainywa tena hewa ile ile kutoka kwenye upepo, kidogo kidogo, mpaka inarudi kuwa jiwe. Bibi yangu alinifundisha hivyo, naye hakuwa na kamusi. Wewe uliinywesha upepo siku tatu, ukaikausha mpaka tone la mwisho, halafu unaiambia inywe na pumzi ya mkeo. Itaiweka wapi?”

Hapo nikaelewa zaidi ya nilivyoelewa kwa kurasa zote nilizosoma. Chokaa haifai kukauka. Haifai kuona upepo. Inatakiwa ibaki mbichi na yenye unyevu, imefunikwa, mpaka dakika ya kukutana na pumzi.

“Ninayo ya shimoni,” akasema, “imefunikwa majani ya mgomba na mchanga wa maji. Ya mwezi uliopita. Kwa ukuta ni nzuri mno. Lakini kwa mtu wa kupumua tutachoma mpya. Saidi, leo tunapanga, kesho tunachoma. Na huyu atabeba mawe.”

Nikabeba. Mawe ya matumbawe yana meno. Kufika jioni viganja vyangu vilikuwa vimechanika na mabega yanawaka. Saidi alinionyesha jinsi ya kuyapanga kwa duara juu ya magogo, makubwa chini, madogo juu, na uwazi wa kupitisha moto katikati. Hakunikaripia hata mara moja. Kila nilipopumzika aliniuliza kwa upole, “Mnyonge, umechoka?”

Jumapili tulichoma kutwa. Wakati moto unanguruma nilimweleza mama habari ya vumbi, jinsi vidonge vilivyosagika na kumwingia Sista Raheli kooni. Akafikiri. Kisha akalichukua lile jiwe lake la visigino akanirushia. Nililidaka kwa nguvu, nikakuta karibu halina uzito, kijivu, limejaa matundu kama mkate.

“Yanaletwa na bahari. Yanaelea,” akasema. “Mawimbi makubwa yakipita tunayaokota pale mdomoni mwa Ruvuma, kikapu kizima. Livunje. Litie kwenye chokaa. Chokaa peke yake haina mifupa, ndiyo maana inasagika. Ikikaa ndani ya matundu haya itashikwa, na upepo utapita katikati.”

Nilibaki nimelishika. Nchi za watu zina viwanda vya kutengeneza kitu cha namna ile, na yeye alikuwa anasugulia miguu.

Ndipo nikasema. “Mama, lile neno la mwaka sabini na nne…”

“Usiliseme hapa,” akanikata. “Hapa tuko watatu, na Saidi ana sikio moja bovu. Ulilisema mkutanoni.”

“Nikilifuta mkutanoni utanipa chokaa?”

Mara ya kwanza nikamwona amekasirika. Usoni pakakunjika, akaweka chini kijiti cha kuchochea.

“Chokaa nimeshakupa. Hivi unaona nini unapoona mtu, Lukasi? Mimi simfanyi mgonjwa rehani. Hilo la mkutano ni lako mwenyewe, lifute usilifute, Helena atapumua. Chochea moto.”

Nikachochea.

Jumatatu tanuri lilipoa. Tuliyatoa mawe, meupe, mepesi, Saidi akayamwagia maji kidogo kidogo ndani ya shimo, yakafoka na kutoa mvuke mpaka yakageuka uji mzito. Mama akautia ungali na joto kwenye mtungi wa udongo, akafunika kwa jani la mgomba, kitambaa cha maji, kisha akaziba kwa udongo mbichi.

“Utakuwa na hamu ya kuufungua njiani uchungulie,” akasema. “Nakujua. Ukifungua nimekulaani.”

Jumanne nikarudi, mtungi umefungwa nyuma ya baiskeli na kikapu cha mawe mepesi kifuani. Kwenye mchanga nilishuka nikasukuma ili usitikisike. Sikufungua. Mara mbili nilisimama nikauwekea mkono ubavuni, basi.

Sista Raheli alinisubiri. Tuliyavunja mawe mepesi, tukayachekecha tukabakiza yenye ukubwa wa punje ya mahindi, tukayaosha vumbi. Tulichanganya kostiki ya Sharifa na chokaa ya Bi Mwanahawa mpaka ikawa kama maziwa ya mgando, tukatumbukiza punje, tukaacha zinywe, tukazichuja. Hatukuzianika. Tulizitia zikiwa na unyevu kwenye makopo yenye vifuniko, na kwenye bati tukaweka bandeji tabaka nne juu na chini ili kuzuia unga.

Jumatano asubuhi akachukua ule mpira wa majaribio. Akapuliza. Nikaitazama chupa. Akapuliza tena. Akavuta pumzi, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, akaendelea hivyo, nami nahesabu dakika kwenye saa ya ukutani. Ya tatu ikapita. Maji yalikuwa maangavu, naona kupitia kwao kucha za mkono wake.

“Shika hapa,” akasema, akinipa mpira. Ulikuwa na joto, kama kikombe cha chai kilichoachwa kidogo. “Hilo joto ni kazi. Inakamata.” Kisha akasema, “Ndaga,” neno la kwao Tukuyu la kushukuru, na hakusema kwangu, alisema akiutazama ule mtungi wa udongo.

Halafu akafanya jambo ambalo sikumwomba. Alijifunga barakoa ya mashine usoni, akakaa kwenye kiti, akanyoosha miguu.

“Nitapumua humu nusu saa, bila dawa. Nikianza kuhema kama mbwa, ivue. Nikilala, nipige kofi.”

“Sista, siwezi kukupiga.”

“Basi mwite daktari anipige.”

Nusu saa alipumua pumzi yake mwenyewe, ikizunguka ikirudi, macho yakinitazama juu ya ule mpira mweusi. Hakuhema. Alipoivua alikuwa na alama nyekundu mashavuni, akasema anasikia njaa.

Alhamisi nilikuwa kwenye kibanda cha jenereta, maana hakukuwa na mwingine wa kuliangalia. Nilimsikia Daktari Mathayo akifunga mlango. Baada ya hapo sikusikia kitu ila injini. Saa moja ikapita, muda ambao bila chembe mtungi wa oksijeni ungekuwa umekwisha. Nilisimama mlangoni mwa kibanda na kitambaa cha mafuta mkononi nikilitazama dirisha la chumba cha upasuaji, lililopakwa rangi lisionyeshe ndani. Saa ya pili. Katikati ya saa ya tatu injini ikakohoa, nikaingia nikaukaza mpira unaopitisha mafuta, ikatulia, na mimi nikagundua kwamba pumzi yangu nilikuwa nimeibana tangu sijui lini.

Saa tatu na dakika ishirini. Mlango ukafunguliwa. Akatoka Sista Raheli, gauni limelowa jasho, mikononi amebeba lile bati. Hakuniambia kwanza. Alikuja nalo mpaka kibandani akaniwekea mikononi. Lilikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni.

“Chembe tulibadilisha mara moja tu,” akasema. “Mtungi wa oksijeni umebaki robo. Uvimbe uko kwenye beseni, kama unataka kuuona.”

Sikutaka kuuona. Nilikaa chini kando ya jenereta na bati mapajani, nikalia, na kelele za injini zikanisitiri.

Helena alipozinduka jioni ile, nilikuwa kando ya kitanda. Alitembeza ulimi mdomoni, akakunja pua.

“Nasikia harufu ya ukuta mpya,” akasema, kisha akalala tena.

Baada ya mwezi mmoja uliitishwa mkutano kwenye uwanja wa ofisi, pale Likombe. Mgeni hakuja, tulikuwa tumeitwa kuambiwa kwamba atakuja mwezi wa sita, hivyo mawe yapakwe upya. Bi Mwanahawa alikuwa amekuja mjini na Saidi tangu jana yake kumtazama mgonjwa, na kumletea Helena jiwe la visigino. Wakaja wote mkutanoni, wakaketi nyuma kabisa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine, Helena akitembea taratibu na mkono tumboni. Saidi aliegemea ukuta.

Mwenyekiti alipouliza kama kuna mwenye neno, nikanyoosha mkono. Nilimwona akifumba macho. Alijua ni mimi, na alidhani ni habari ya chokaa ya mgeni. Niliyo nayo juu ya mawe yale ningeweza kuyasema mpaka jua lizame, na siku nyingine niliyasema.

“Ndugu Mwenyekiti,” nikasema. “Mwaka sabini na nne, mwezi wa nane, pale Msimbati, nilimwita Bi Mwanahawa binti Omari kupe. Nilisema anatumikisha watu wawili. Watu wale walikuwa mdogo wake na wifi yake, na mimi sikuuliza. Kwa neno langu tanuri lake lilivunjwa…”

“Hilo halimo kwenye ajenda,” mwenyekiti akasema.

“Kwa neno langu tanuri lake lilivunjwa,” nikarudia, sasa kwa sauti ndogo. “Naye mwaka huu amenipa chokaa ambayo mke wangu…”

“Hatusikii huku,” ikasema sauti ya mwanamke kutoka nyuma.

Watu wakageuka. Bi Mwanahawa alikuwa ameweka kiganja nyuma ya sikio, uso mkavu kabisa, na Helena kando yake ameinamia khanga yake anacheka huku amejishika mshono.

“Sema kwa sauti, mwanangu,” akasema. “Siku ile walikusikia mpaka ng’ambo ya Ruvuma.”

Kando ya meza ya mwenyekiti kulikuwa na debe la chokaa ya mawe, tupu, limekauka. Nikaligeuza chini juu, nikapanda, nikaanza upya kutoka mwanzo.